Istilahi za Historia na Insha ya Utafiti: Mfano wa Bagamoyo na Mrima

Watu wanapozungumza juu ya istilahi, aghalabu fikra zao huelekea kwenye fizikia, sheria, benki na ufundi wa mitambo. Huko ndiko kunakodhaniwa kuwa na upungufu wa maneno. Historia huachwa kando, kwa dhana kwamba maneno yake ni ya kila siku: mfalme, vita, biashara, mtumwa, kodi. Nani asiyeyajua? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina hatari, na kwamba katika somo la historia neno linalojulikana na kila mtu hupotosha zaidi kuliko neno geni. Neno geni humlazimu msomaji afungue kamusi. Neno la kawaida humpitisha bila ya kumshtua, naye huondoka na maana ya leo akidhani ameshika maana ya zamani.

Mfano tutakaoutumia ni insha ya utafiti, yaani ile kazi ya kurasa kumi na tano au ishirini ambayo mwanafunzi wa chuo hutakiwa kuiandika katika somo la historia. (Neno tasnifu yafaa tuliachie kazi kubwa zaidi ya kupatia shahada.) Mahali tulipopachagua ni Bagamoyo na pwani inayokwenda kaskazini, kupitia Winde na Saadani hadi Pangani, sehemu ambayo wenyeji wa karne ya 19 waliijumlisha katika jina la Mrima. Tumepachagua kwa sababu moja: wenyeji wa huko waliandika habari zao wenyewe kwa Kiswahili, na baadhi ya maandishi hayo yalichapwa kabla ya vita vya 1914. Mtanzania anayeyasoma leo hatafsiri. Anasoma lugha yake. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika mwaka 2024, ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili katika shule za sekondari. Walimu wa somo hilo watahitaji maandishi ya utafiti yaliyoandikwa kwa lugha hiyo hiyo, na maandishi hayo yatatoka kwa wanafunzi wa vyuo wa leo.

SWALI KABLA YA MAKTABA

Mwanafunzi anayekwenda maktaba na mada iitwayo "Historia ya Bagamoyo" hajapanga kitu bado. Magofu ya Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji, yana msikiti ambao wachimbuaji wa mambo ya kale wameuweka katika karne ya 13. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa mjini Februari 1874 baada ya kuchukuliwa kwa miguu kutoka bara. Wajerumani waliufanya mji huo kuwa makao yao makuu hadi 1891, ndipo wakahamia Dar es Salaam. Hakuna insha ya kurasa ishirini inayoweza kubeba yote hayo, na anayejaribu huishia kunakili orodha ya matukio kutoka katika vitabu vya wengine.

Kinachohitajiwa ni swali lenye mipaka mitatu: mahali, wakati na jambo. Tuseme mwanafunzi wetu ameuliza hivi: Kabla ya mwaka 1888, ni nani waliokuwa na haki ya kupokea malipo kutokana na misafara iliyoingia na kutoka Bagamoyo, na haki hiyo ilikuwaje Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipochukua utawala wa pwani? Swali hili lina mwanzo na mwisho, laweza kujibiwa kwa ushahidi, tena lina watu wanaogombania kitu. Jibu la muda analoliweka mwanafunzi kabla ya kuanza kazi ndilo tunaloliita nadharia tete, na kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa istilahi zetu zilizofanikiwa: nadharia ambayo haijakomaa, iliyo tayari kuvunjika ushahidi ukiipinga. Wako wanaoichukulia nadharia tete kama ahadi wanayopaswa kuitimiza. Hao hawajasikia neno tete linasema nini.

Tazama sasa neno "malipo" katika swali lile. Limewekwa kwa makusudi, kwa kuwa halielekei upande wowote. Kama mwanafunzi angaliandika "kodi", angalikuwa amekwisha kulijibu swali nusu yake kabla ya kulichunguza, maana kodi hutozwa na dola. Kwamba Bagamoyo ya 1880 ilikuwa na dola moja au mamlaka kadhaa zilizokaa pamoja, hilo ndilo jambo linalotafutwa.

CHANZO

Neno chanzo linatutia taabu. Katika shule na vyuo vyetu hutumiwa kwa maana mbili ambazo katika somo la historia hazina budi kutenganishwa. Mwalimu akiandika ubaoni "Vyanzo vya Vita vya Bushiri", nusu ya darasa itaandika sababu za vita na nusu nyingine itaandika majina ya vitabu na hati. Wote watakuwa na haki. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi ya historia, neno chanzo libaki na maana ya mahali habari zinapopatikana, na kwa ile maana nyingine tutumie sababu, neno ambalo limekuwapo siku zote na halina kasoro.

Tukishakubaliana hivyo, linabaki suala la chanzo cha msingi na chanzo cha upili. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba cha msingi ni hati ya zamani na cha upili ni kitabu cha msomi wa siku hizi. Mafunzo hayo hayatoshi. Tuchukue kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Ujerumani mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki mjini Berlin, akafariki huko huko mwaka 1927. Je, kitabu hiki ni chanzo cha msingi? Kwa anayeuliza jinsi mtu aliyesoma wa Bagamoyo alivyoyaeleza mambo ya mji wake mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo, tena ni chanzo adimu. Kwa anayeuliza jinsi Washomvi walivyofika Kaole vizazi vingi kabla yake, Mtoro mwenyewe ni msomaji wa mapokeo kama sisi, ila yuko karibu nayo zaidi. Msingi na upili ni uhusiano baina ya hati na swali. Hati moja yaweza kuwa ya msingi katika ukurasa wa tatu wa insha na ya upili katika ukurasa wa saba.

Tena mwanafunzi aulize: nani aliyeuliza maswali? Velten alikuwa mwalimu wa lugha, na chuo chake kiliwatayarisha maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakienda kutawala na kuuza huku. Mtoro aliandika kwa ajili ya wasomaji hao. Haifai kumtilia shaka kila neno kwa sababu hiyo, lakini yafaa kukumbuka kwamba anapoeleza kwa kirefu ada na vyeo, huenda anajibu swali la mtu aliyetaka kujua ni nani wa kulipwa na ni nani wa kutumwa.

Zaidi ya kitabu hicho ziko hati. Wengine husema makavazi, wengine hifadhi ya nyaraka. Serikali imechagua jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na huko Dar es Salaam yamo majalada ya Kijerumani ya ukoloni wa kwanza. Barua za mabalozi wa Kiingereza waliokaa Unguja, shajara za mapadri walioandika kwa Kifaransa, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: kila fungu lina lugha yake. Hapo mtafiti wa Bagamoyo hujikuta amekuwa mfasiri apende asipende. Ushauri mmoja tu: anaponakili kutoka hati ya Kijerumani au ya Kifaransa, neno la Kiswahili lililoachwa humo bila ya kutafsiriwa lina thamani kubwa. Ofisa wa Kijerumani aliyeandika "jumbe" au "hongo" katikati ya sentensi ya lugha yake alifanya hivyo kwa kuwa hakupata neno lililotosha. Nasi tuliandike vilevile lilivyo.

Kuhusu wazee, tutofautishe mambo mawili. Ushuhuda ni maneno ya mtu aliyeona. Mapokeo ni maneno yaliyovuka kizazi kimoja au zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa nchi kukusanya habari za Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa miaka ya 1905 hadi 1907, nao waliwakuta wazee waliovikumbuka wenyewe. Huo ulikuwa ushuhuda, na kazi zao ni mfano mzuri wa jinsi insha za wanafunzi zinavyoweza kuingia katika akiba ya elimu ya taifa. Mtafiti wa leo hawezi kupata Bagamoyo mtu aliyeona mwaka 1888. Atakachosikia ni mapokeo, na katika insha ayaite hivyo. Mapokeo hayapungukiwi na heshima kwa kuitwa jina lake.

MANENO YALIYOHAMA

Hapa tufikie kiini cha jambo. Katika hati na vitabu vya Mrima mwanafunzi wetu atakutana na malipo ya aina nyingi: ushuru, ada, hongo, na katika mapokeo ya Washomvi na Wazaramo, kanda la Pazi. Akiyajumlisha yote katika neno moja, swali lake limekufa.

Tuanze na hongo, maana ndilo lenye madhara makubwa. Kwa Mtanzania wa leo hongo ni rushwa: fedha inayotolewa kwa siri ili haki ipindwe. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala wa nchi unayopita, kwa nguo, shanga au waya, ili upate ruhusa ya njia, maji na ulinzi. Kiasi chake kilijadiliwa mbele ya watu, pengine kwa siku kadhaa, na msafara uliokataa ulikuwa unakataa mamlaka ya mwenyeji. Wasafiri wa Kizungu waliinung'unikia sana katika vitabu vyao, wakaieleza kama unyang'anyi. Hata hivyo mmoja wao akifika katika bandari ya Ulaya alilipa forodha bila ya kuiita unyang'anyi.

Sasa mwanafunzi anayesoma kwamba msafara uliotoka Bagamoyo "ulitoa hongo kwa jumbe", asipokuwa macho, ataandika katika insha yake kwamba watawala wa bara walikuwa wala rushwa. Mwalimu wa sekondari atayanukuu maneno yake. Na katika kizazi kimoja watoto watafundishwa, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba rushwa ni desturi yetu ya asili. Hakuna aliyesema uongo mahali popote katika mlolongo huo. Neno tu limehama, na hakuna aliyetazama lilitoka wapi. Jinsi lilivyohama ni somo linalostahili insha yake peke yake: mamlaka za wenyeji zilipoondolewa na wakoloni, haki ya kupokea malipo hayo ilifutwa, na malipo yaliyokosa haki yakabaki na jina bila ya heshima yake.

Ada limehama kwa upole zaidi. Leo ni malipo ya shule au ya chama. Katika Mrima ya zamani ada ilikuwa haki ya mtu kwa sababu ya cheo au ukoo wake, iliyolipwa katika arusi, maziko, biashara na sherehe za kumtawaza mkubwa. Kumnyima mtu ada kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye si kitu. Kanda la Pazi lina kisa chake: mapokeo yanasema kwamba Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa Pazi, mkubwa wa Wazaramo, na baada ya ushindi wakakubali kumpelekea malipo. Kama kisa kilikuwa hivyo hasa au sivyo, maana yake kwa insha yetu ni kwamba wenye mji walikuwa nao wakilipa watu wa bara iliyo nyuma yao. Ushuru, kwa upande wake, ulikuwa wa forodha na wa Sultani wa Unguja, na kwa miaka mingi ukusanyaji wake ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Ama kodi, ile iliyobaki katika kumbukumbu za watu kama alama ya ukoloni ni kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliiweka mwaka 1897. Kuitumia kwa mambo ya 1880 ni kuutanguliza ukoloni kabla ya kuja.

Vyeo navyo vimehama. Diwani leo ni mjumbe wa halmashauri aliyechaguliwa na kata yake. Kwa washairi ni kitabu cha mashairi. Katika Bagamoyo ya karne ya 19 alikuwa mkubwa wa mji kwa haki ya ukoo, aliyetawazwa kwa ada nyingi. Hata diwani wa siku zetu amekuwa na safari yake: halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Shaha, aliyekuwa katika vyeo vya miji ya Mrima, kwa wengi wetu ni mfalme wa sataranji au bingwa wa malenga, ingawa Unguja na Pemba ndugu yake, sheha, angali kazini. Akida kabla ya Wajerumani alikuwa kiongozi wa watu katika vita na katika ngoma. Wajerumani wakalichukua jina hilo wakampa mtumishi wa mshahara aliyewekwa juu ya vijiji kadhaa, chini yake wakiwapo majumbe na juu yake liwali katika baadhi ya miji. Kwa hiyo akida anayelaumiwa katika habari za Maji Maji na akida anayesifiwa katika habari za Bagamoyo ya 1870 ni watu wa kazi mbili, wenye jina moja. Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, cheo hicho kikaanza kuondolewa, na neno likabaki katika vitabu.

Yako maneno mawili mengine ambayo mfasiri asiyapite kwa haraka. Mjinga, katika habari za watumwa, alikuwa mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara na ambaye hajajua lugha na desturi za pwani. Kinyume chake kilikuwa mzalia. Kutafsiri "watumwa wajinga" kama watumwa wapumbavu ni kumtukana mara ya pili mtu aliyekwisha kudhulumiwa. Kibarua ni barua ndogo, cheti. Mtumwa aliyekodishwa kufanya kazi mjini kwa siku alifanya kazi kwa cheti hicho, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake. Anayesoma juu ya vibarua wa bandarini katika miaka ya 1870 asidhani mara moja kwamba anasoma juu ya watu huru.

Dawa ya haya yote ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya. Katika juma la kwanza la kazi, kabla ya kuandika aya moja ya insha, mtafiti ajitengenezee faharasa yake: neno, mahali alipoliona, mwaka, na maana inayodhihirika katika sentensi ile. Kisha alinganishe na kamusi za wakati ule. Ya Krapf ilitoka mwaka 1882, nayo inaelemea Kimvita. Kwa Bagamoyo hakuna inayofaa zaidi kuliko kamusi ya Padri Charles Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939 lakini ikiwa imekusanywa kwa miaka mingi alipokuwa katika misheni za Unguja na Bagamoyo, na ambayo huonyesha neno ni la lahaja gani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya mwaka 2015 ni za kuandikia insha. Kwa kuisomea hati ya 1885 hazikutungwa.

JINA LA VITA

Agosti 1888, kwa mkataba uliotiwa sahihi mwezi wa Aprili na Sultani Khalifa, Kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa pwani na forodha zake. Kabla ya mwezi wa Septemba kwisha mapigano yalikuwa yamezuka Pangani, Bagamoyo na kwingineko. Mei 1889 Wissmann aliivamia ngome ya Bushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huo. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi 1890. Hayo hayana ubishi. Ubishi uko katika kichwa cha habari.

Serikali ya Ujerumani iliyaita maasi ya Waarabu. Jina hilo lilikuwa na kazi ya kufanya. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni mbili kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani, na ilikuwa rahisi zaidi kuomba fedha za kupigana na Waarabu wauza watumwa kuliko kuomba fedha za kuiokoa kampuni iliyoshindwa kutawala. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mshairi wa pwani hiyo, alitunga utenzi uliochapwa baadaye, kwa uhariri wa J. W. T. Allen, kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Humo wanaofanya tendo ni Wadachi, na tendo lenyewe ni kutamalaki. (Mfasiri kijana aangalie: Wadachi hapa ni Wajerumani. Siku hizi wako wanaolitumia neno hilo kwa Waholanzi.) Vitabu vyetu vya baada ya uhuru vilipendelea upinzani dhidi ya wakoloni. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alionyesha kwamba ndani ya vita hivyo mlikuwa na ugomvi mwingine baina ya watu wa pwani wenyewe: wenye vyeo vya zamani, wageni waliotajirika, watumwa na wapagazi, kila mmoja akidai nafasi yake mjini.

Mwanafunzi atumie jina gani? Uasi hudai kwamba palikuwa na mtawala halali anayeasiwa. Yuko aliyekuwa na sahihi ya Sultani, naam. Lakini madiwani wa Bagamoyo hawakutia sahihi yoyote, na ni ada zao zilizokuwa hatarini. Upinzani hudai kwamba wote walipinga kitu kimoja. Mimi ningechagua "vita vya 1888 hadi 1890" katika kichwa, neno kavu lisilopendeza, na kuyaacha majina mengine yatumiwe ndani ya insha mdomoni mwa wenyewe: Wajerumani walisema maasi, mshairi alisema kutamalaki. Msomaji ataona kwamba kila jina ni dai. Wako walimu wasioafiki, wakisema kwamba jina kavu linawanyima mashujaa haki yao. Hoja yao si dhaifu, na kama mwanafunzi anaifuata, basi aitetee katika aya ya kwanza badala ya kuipenyeza katika kichwa.

JINA LA MJI

Karibu kila insha ya Bagamoyo hufunguliwa kwa maana ya jina lake, na karibu kila mara pasipo ushahidi. Wanasema ni "bwaga moyo". Hapo njia zinagawanyika. Wengine husimulia kwamba ni mtumwa aliyeuacha moyo wake kwa majonzi kabla ya kuvushwa bahari. Wengine kwamba ni mpagazi aliyetua mzigo na kustarehe baada ya miezi ya njia. Tangu mwaka 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa Urithi wa Dunia, na masimulizi ya kwanza yamepata nguvu zaidi.

Lugha peke yake haiwezi kuamua. Kubwaga ni kutua kwa nguvu, na moyo hutuliwa kwa furaha na kwa huzuni pia. Mtafiti hana budi kutoka nje ya neno. Atakuta kwamba wapagazi wa kiume na wa kike waliofika Bagamoyo kwa maelfu katika kila msimu wengi walikuwa Wanyamwezi wenye ujira, na kwamba kwa muda mrefu wa karne ile bandari kuu ya watumwa ya pwani yetu ilikuwa Kilwa. Atakuta pia kwamba watumwa walipita Bagamoyo na wengine wengi walibaki hapo hapo wakilima mashamba, jambo ambalo halifutwi na hesabu ya wapagazi. Ushahidi huu unaelemea upande wa mpagazi, wala haufungi shauri. Kwa insha yetu ya malipo ya misafara, jina la mji halihitajiwi kabisa, na aya nzima yaweza kuondolewa bila ya hasara.

RASIMU NA TANBIHI

Rasimu ya kwanza iandikwe mapema, hata kama kuna mapengo. Uzoefu wa walimu wengi ni kwamba mwanafunzi anayengoja "kumaliza utafiti" hamalizi. Mpangilio wa insha ufuate hoja. Mfuatano wa miaka waweza kupangwa ndani yake. Kuhusu maneno yaliyohama, utaratibu ulio bora ni kuliandika neno la chanzo lilivyo, kulieleza mara moja linapotokea kwanza, na kuendelea kulitumia kwa maana hiyo bila ya kulibadilisha. Maelezo marefu yaende kwenye tanbihi. Tanbihi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuzindua, kumwamsha mtu, na kwa kazi hiyo hasa ndipo tunapoihitaji: kumwamsha msomaji anayekaribia kusinzia juu ya neno analodhani analijua.

Marejeo ya kitabu yana kanuni zake, na kila chuo kina zake. Hati zataka uangalifu zaidi: namba ya jalada, ukurasa, lugha, na kama mwandishi wa insha ameisoma hati yenyewe au picha yake. Siku hizi wengi hupiga hati picha kwa simu na kwenda kuzisoma nyumbani. Hakuna ubaya mahali inaporuhusiwa, mradi picha ya kwanza ya kila fungu iwe ya jalada lenyewe na namba yake. Bila ya hivyo mtafiti atakuwa na picha mia mbili asizoweza kuzitajia mahali zilipotoka.

Limebaki jambo la tarehe, neno ambalo zamani lilibeba maana ya historia yenyewe na leo limebaki na siku ya mwezi. Barua na tenzi za Mrima hufuata mwaka wa Hijra. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah umewekewa mwaka 1307, ambao ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kwisha Agosti 1890. Si sahihi kuandika 1889 peke yake wala 1890 peke yake. Iandikwe 1307 Hijria, kisha 1889/90, mpaka mwezi utakapojulikana. Tena siku ya Kiswahili huanza jua linapokuchwa. Barua ikisema jambo lilitokea usiku wa Jumatatu, na shajara ya padri wa Kifaransa ikaliweka jambo lile lile Jumapili usiku, mtafiti asiandike kwamba vyanzo vyake viwili vinapingana.